Vifo vya saratani ya titi Tanga: namna ya kujua kama vinapanda au vinashuka

Mtu akisema kansa ya titi siku hizi inaua kuliko zamani, muulize: kuliko mwaka gani, na kati ya wanawake wangapi? Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,045,205 mkoani Tanga. Ya 2022 ikakuta 2,615,597, yaani ongezeko la karibu asilimia 28. Vifo 50 vikifika 64 katika muda huo, huenda watu tu ndio walioongezeka.

Anza na rejista. Hesabu kifo kwa makazi ya marehemu, si kwa kitanda alichofia. Mwanamke wa Pangani aliyepelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road akafia Dar es Salaam ni wa Tanga. Aliyetoka mkoa mwingine akafia Bombo, hospitali ya mkoa wa Tanga, si wa Tanga. Wanaume nao hupata ugonjwa huu, ingawa ni wachache mno, waandike kando.

Sasa safu ya sababu ya kifo, na hapa usiwe na haraka, maana ndipo wanawake wengi wanapopotea. Utakuta "moyo kusimama". Kila anayekufa moyo wake husimama, hiyo si sababu. Fomu iliyojazwa vizuri inashuka ngazi kwa ngazi: juu, kushindwa kupumua, chini yake, maji kwenye mapafu, chini kabisa, saratani ya titi. Unachohesabu ni ile ya chini kabisa, msimbo C50, yaani saratani ya titi katika orodha ya kimataifa ya magonjwa. Saratani iliyoanzia kwenye titi ikasambaa hadi ini au mifupa inabaki kuwa ya titi, hata kama daktari wa zamu aliandika "kansa ya ini". Fungua jalada, tafuta jibu la kinyama kilichopimwa maabara.

Waliofia nyumbani hawamo kwenye rejista ya wodi. Hao utawapata kwa ndugu, na swali liwe la adabu: "Shikamoo mama, poleni na msiba. Marehemu aliwahi kusumbuliwa na ziwa?" Wazee wengi wa pwani husema ziwa, si titi, na jibu laweza kuwa "alikuwa na jipu la ziwa, halikupona." Hilo bado si C50. Liandike kwenye safu yake, "inadhaniwa". Ukiwachanganya mwaka huu na mwaka jana hukuwachanganya, utatangaza ongezeko ambalo halipo.

Kisha gawanya kwa umri. Tuchukue mfano wa kubuni wenye wanawake 1,300,000. Wa miaka 30–49 ni 300,000, vifo 30: sawa na 10 kwa kila 100,000. Wa 50–69 ni 120,000, vifo 36: sawa na 30. Wa 70 na zaidi ni 40,000, vifo 20: sawa na 50. Walio chini ya 30 ni 840,000, hakuna kifo. Ukigawanya vifo vyote 86 kwa wanawake wote unapata 6.6. Kiwango hicho usikilinganishe na cha Uingereza, kwani sisi tuna wasichana wengi, wao wana bibi wengi. Tumia uzito wa idadi sanifu ya dunia ya Segi, yaani mgawanyo mmoja wa umri unaotumika kwa nchi zote: 30–49 ni 0.24, 50–69 ni 0.16, 70 na zaidi ni 0.04. Zidisha, jumlisha: 2.4 + 4.8 + 2.0 = 9.2 kwa kila 100,000. Hiki ndicho cha kulinganisha, mwaka kwa mwaka na nchi kwa nchi.

Usitishwe na mwaka mmoja. Vifo 36 vinaweza kuyumba kwa 12 juu au chini kwa bahati tu, kwa hiyo chukua wastani wa miaka mitatu, ikiwezekana mitano.

Kushuka kunawezekana. Marekani vifo vilifika kileleni 1989, vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 kwa ugunduzi wa mapema na tiba bora, dawa ya tamoksifeni ikiwemo. Lengo la Shirika la Afya Duniani, la 2021, ni kupunguza asilimia 2.5 kila mwaka. Kwa mfano wetu, 9.2 ingekuwa karibu 7.1 baada ya miaka 10.

Jihadhari na kipimo cha "miaka aliyoishi baada ya kugundulika". Ukimgundua mwaka mmoja mapema akafa siku ileile ambayo angekufa, kwenye karatasi ameishi mwaka zaidi, kaburini hakuna tofauti.

Kando ya kiwango cha vifo weka safu tatu: tarehe ya kufika kituoni mara ya kwanza, tarehe ya jibu la kinyama, na hatua ya ugonjwa (ya kwanza hadi ya nne, kadiri ulivyosambaa). Lengo ni jibu ndani ya siku 60, na angalau asilimia 60 wagundulike hatua ya kwanza au ya pili. Kama hatua haikuandikwa, andika ukubwa wa uvimbe kwa sentimita na kama tezi za kwapani zimevimba. Safu hizi hubadilika miaka kadhaa kabla vifo havijabadilika, kwa hiyo mganga mkuu wa wilaya aone hizo kwanza, na azione kila robo mwaka.