Kufundisha uasi wa makoloni 13 kwa robo kilo ya maharagwe

Kabla ya kuandika tarehe yoyote ubaoni, nyoosha neno "koloni". Mwanafunzi wa Nairobi akisikia kwamba makoloni 13 ya Amerika yaliasi Uingereza, anachokiona ni Harry Thuku mwaka 1922, kipande na kodi ya nyumba. Amerika haikuwa hivyo. Walioasi walikuwa walowezi, wengi wao wa asili ya Uingereza, wakiishi kwenye ardhi iliyonyang'anywa wenyeji. Mfano wa karibu zaidi ni Ian Smith, kiongozi wa walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo), aliyeitangazia nchi hiyo uhuru tarehe 11 Novemba 1965 kwa waraka ulioiga Azimio la Uhuru la Amerika la 1776. Mtaje mapema, hata kama darasa litaguna.

Kwa kipindi cha dakika 40 na wanafunzi 40, robo kilo ya maharagwe inatosha: punje 10 kwa kila mmoja. Ongeza karatasi moja kwa kila mtu na mhuri wowote mkuukuu.

Watoe wanafunzi watatu wawe Bunge la London, waketi nje ya mlango. Tangaza kwamba hakuna kuandika kabla karatasi haijapigwa mhuri, na mhuri ni punje moja. Sheria ya Stempu ya 1765 iligusa hati za mahakama, magazeti, hata karata na dadu. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa Bunge kwa maandishi, na karatasi ya malalamiko nayo ilipiwe. Hapo kelele zitaanza zenyewe.

Usitoze zaidi ya punje tatu. Ukizimaliza zote 10, darasa litadhani kodi ilikuwa nzito mno, kumbe Mwingereza wa nyumbani alilipa zaidi. Ugomvi ulikuwa juu ya nani mwenye haki ya kutoza, maana walowezi hawakuwa na mbunge hata mmoja London. Uingereza nayo ilikuwa na deni la Vita vya Miaka Saba, vilivyoisha 1763, na ilitaka makoloni yachangie gharama za askari. Stempu ilifutwa 1766, lakini mwaka uleule Bunge likajipa mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria kwa jambo lolote lile. Waambie wale watatu wa mlangoni wasome hilo kwa sauti.

Kwenye chai, hata walimu huteleza. Sheria ya 1773 ilishusha bei ya chai, haikuipandisha. Kampuni ya East India iliruhusiwa kuipeleka Amerika moja kwa moja. Ushuru wa peni tatu kwa ratili ukabaki palepale, na wafanyabiashara wa magendo wakaona riziki inakwenda. Mfano wa sukari ya magendo hapa kwetu unaeleweka haraka. Tarehe 16 Desemba 1773, makasha 342 yalimwagwa bandarini Boston.

Yaliyofuata yapitie mbio: bandari ikafungwa 1774, wajumbe wa makoloni 12 wakakutana Philadelphia (Georgia haikutuma mtu), risasi zikalia Lexington tarehe 19 Aprili 1775, vita vikaanza.

Chora visanduku vitatu vya 1776. Tarehe 2 Julai kura ya kujitenga, 4 Julai maandishi ya Azimio yakapitishwa, 2 Agosti wajumbe wengi wakatia saini. Vitabu vingi huvirundika vyote kwenye 4 Julai.

Bakiza dakika nane kwa swali moja. Novemba 1775, gavana wa Virginia, Lord Dunmore, aliwaahidi uhuru watumwa wa waasi watakaoshika silaha upande wa mfalme. Uliza: ungekuwa mtumwa Virginia, ungekimbilia wapi? Wakikaa kimya, usiwajibie. Mapigano ya Saratoga (1777), Ufaransa kuingia vitani (1778), mapigano ya Yorktown (1781) na mkataba wa amani wa Paris (1783) ni kazi ya nyumbani.

Maharagwe yakusanywe kabla ya kengele. Kwenye sakafu ya simiti huangusha watu.