Msaada wa amri ndogo: niliyojifunza na karani wa ghala

Oktoba korosho zikianza kuingia, karani wa chama chetu cha msingi hapa Tandahimba hana muda wa kunipigia simu. Wakulima wamepanga foleni na magunia, mizani inasubiri. Programu niliyomwandikia kwa Python, inayoitwa `ghala`, ina amri ndogo nne: pokea, pima, hamisha, lipa. Msimu wa kwanza aliandika `ghala -h` kuomba msaada, akaona majina manne ndani ya mabano, basi. Kosa lilikuwa langu.

Argparse, maktaba ya Python inayosoma amri na kuandika ukurasa wa msaada, haiipi amri ndogo mstari wake kwenye orodha usipoiandikia `help`. Na `help` si `description`. Ya kwanza inasomwa kwenye `ghala -h` na mtu anayechagua bado. Ya pili kwenye `ghala pima -h`, na mtu aliyekwisha kuchagua, anayetaka kujua aanzie wapi. Ukijaza moja, nyingine inabaki tupu. Andika zote mbili.

```
amri = p.add_subparsers(title="Kazi za ghala",
    metavar="KAZI", dest="kazi", required=True)
pima = amri.add_parser("pima",
    help="andika unyevu wa korosho kwa %%",
    description="Pima kila mzigo kabla ya kuupokea.")
```

Tazama hizo `%%`. Mimi niliweka moja, `ghala -h` ikaanguka papo hapo. Ndani ya `help`, argparse huiona alama hiyo kama nafasi ya kujazwa thamani, ndiyo maana `%(default)s` hufanya kazi. Kwenye `description` alama moja hupita salama, ili mradi hukuweka `%(prog)s`, nafasi ya jina la programu, humo.

`metavar` huondoa yale mabano. `required` ilikuja na Python 3.7, bila hiyo, anayeandika `ghala` peke yake haambiwi kwamba amesahau kutaja kazi.

Mfano mzima wa amri uweke kwenye `epilog`, maandishi ya mwisho wa ukurasa wa msaada. Ili mistari yake isiunganishwe, mpe kila `add_parser` `formatter_class=RawDescriptionHelpFormatter`. Kuiweka kwa mzazi (`p`) hakuwafikii watoto, yaani amri ndogo. Hilo lilinila jioni nzima.

Kisha keti na mtumiaji asome kwa sauti. Kwenye hamisha nilikuwa nimeandika "hamisha rekodi ya mzigo". Mama karani akasoma, akanigeukia: "Mwanangu, nauhamishia wapi?" Sasa panasomeka: "peleka mzigo kutoka chamani kwenda ghala kuu".