Namna ya kutibu baridi yabisi ya soriasisi iliyogusa ngozi na kucha

Mgonjwa akija na vidole vilivyovimba na kukakamaa asubuhi, huenda ana baridi yabisi ya soriasisi, yaani uvimbe wa viungo unaoandamana na soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba; tazama kucha zake kabla ya kuandika dawa yoyote. Vishimo vidogo juu ya ukucha, au ukucha uliobanduka kwenye nyama yake, mara nyingi hudhaniwa kuwa fangasi, naye mgonjwa akanywa dawa ya fangasi miezi mingi bila nafuu; kipande cha ukucha kipimwe kwanza. Kagua pia kichwani, nyuma ya masikio, kitovuni na katikati ya matako, ukikumbuka kwamba kwenye ngozi nyeusi mabaka ya soriasisi huelekea rangi ya zambarau au kahawia iliyokolea, wala si wekundu unaochorwa vitabuni. Kipimo cha damu cha rumatoidi, aina nyingine ya baridi yabisi, kikitoka hasi, hakiuondoi ugonjwa huu.

Dawa inayofaa ni ile itakayotibu viungo, ngozi na kucha kwa pamoja. Ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu tu. Methotreksati, dawa inayopunguza ukali wa kinga ya mwili, husaidia viungo na ngozi, lakini hunywewa mara moja kwa wiki, kamwe si kila siku, kwa sababu kosa hilo limeua watu; andika jina la siku yenyewe kwenye cheti, umwombe mgonjwa airudie kwa kinywa chake, ongeza asidi ya foliki, na pima damu, ini na figo kila baada ya muda. Mjamzito, au anayetarajia mimba, asipewe. Prednisoloni (dawa ya jamii ya steroidi) ya kumeza iepukwe kadiri inavyowezekana, kwani ikiachwa soriasisi yaweza kulipuka upya kwa ukali.

Viungo visipotulia, mpe rufaa kwa bingwa wa viungo, ambaye anaweza kuchagua sindano za kutuliza kinga ya mwili: adalimumabu au, ngozi ikiwa imeathirika sana, sekukinumabu; hii ya pili asipewe mwenye ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo. Kabla ya sindano hizo, ambazo kwa bahati mbaya bado ni ghali mno kwa wagonjwa wetu wengi, pima kifua kikuu, homa ya ini aina ya B na VVU.

Viungo vipimwe upya baada ya miezi 3. Ukucha wa mkono huchukua takriban miezi 6 kuota wote, hivyo usibadilishe dawa kwa sababu tu kucha hazijapona mapema. Zipige picha siku ya kwanza, upate cha kulinganisha.