Somo: Kwenda Kigali kwa gari lako mwenyewe kupitia Rusumo

Safari ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigali kwa gari binafsi ina urefu wa takriban kilomita 1,500, na isipokuwa kilomita 160 hivi za mwisho, yote hupita ndani ya Tanzania. Hata hivyo, kipande hicho kifupi ndicho kinachopaswa kuamua ratiba nzima, kwa sababu ukishavuka mto Akagera pale Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, unaacha kuendesha upande wa kushoto wa barabara na kuhamia kulia, huku usukani wako ukibaki palepale. Kwa hiyo panga safari kuanzia mpakani, kisha rudi nyuma hadi nyumbani.

Hatua ya kwanza: chagua siku na saa ya kuvuka

Vuka asubuhi. Rwanda iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja, na huko giza huingia mnamo saa kumi na mbili jioni kwa saa zao. Anayefika Rusumo alasiri atajikuta anajizoesha kukaa kulia usiku, kwenye milima yenye kona nyingi, na pengine akiwaumiza macho wenzake bila kujua, kwa kuwa taa za gari la usukani wa kulia zimetengenezwa kumulika zaidi upande wa kushoto, ambako kwa Rwanda ndiko yanakotokea magari yanayokuja. Epuka pia Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo ni siku ya Umuganda, kazi ya pamoja ya wananchi: kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi shughuli nyingi husimama na magari huzuiwa.

Hatua ya pili: nyaraka

Beba pasipoti, leseni na kadi halisi ya gari. Kwa kampuni yako ya bima, kabla ya kuondoka, nunua Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo ni bima ya gari ya kuvukia mipaka. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango huo wa bima, na kadi hiyo inatambuliwa Rwanda. Zingatia kwamba inalipia madhara utakayowasababishia wengine, wala si bodi ya gari lako. Kama una bima kubwa, omba uthibitisho wa maandishi kwamba inafanya kazi nje ya nchi. Wengi huridhika na jibu la simu, jambo ambalo silishauri hata kidogo.

Hatua ya tatu: gawanya njia

Lala Dodoma siku ya kwanza, Kahama siku ya pili kwa kupitia Singida na Nzega, na siku ya tatu ishie Benaco au Ngara mjini, karibu na mpaka. Kipande cha Lusahunga hadi Rusumo ni cha kilomita 90 na ushee tu, lakini malori na matela ya mizigo ya Rwanda na Burundi hupita hapo kwa wingi, hivyo usikipangie mwendo wa barabara ya Dodoma. Watu wenye haraka huiona siku hiyo ya tatu kuwa imepotea bure. Kwa maoni yangu ndiyo siku yenye thamani kuliko zote, maana ndiyo inayokuwezesha kuvuka mapema ukiwa umelala vizuri. Jaza mafuta Kahama, na kagua upepo wa tairi la akiba, jeki, kizima moto na pembetatu za tahadhari ukiwa bado karibu na mafundi.

Hatua ya nne: mpakani na kilomita za mwanzo

Rusumo ni kituo cha pamoja, kwa hiyo ukitoka Tanzania taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa upande wa Rwanda: uhamiaji kwanza, kisha forodha, ambako gari huandikishwa kuwa limeingia kwa muda. Soma tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwenye kibali kabla ya kuondoka dirishani.

Baada ya hapo, shida kubwa ni kulipita gari la mbele. Ukiwa umekaa kulia huoni barabara iliyo mbele ya lori mpaka uwe umeshatokeza nusu ya gari, kwa hiyo abiria wa mbele ndiye jicho lako, na kama uko peke yako, vumilia nyuma ya lori. Hatari nyingine hutokea barabara ikiwa tupu, hasa unapotoka kituo cha mafuta au hotelini asubuhi, kwani mazoea hukurudisha kushoto bila wewe kutambua. Kwenye kipilefti magari huzunguka kinyume cha ulivyozoea. Kamera za mwendo ni nyingi kuliko tochi za kwetu, na penye kibao cha 60 au 40 namba hiyo ifuatwe kama ilivyo.

Maswali ya wanachama

Asante kwa somo, ndugu. Gari langu ni la mkopo na kadi iko benki. Nifanyeje?
Omba benki barua ya kukuruhusu kulitoa gari nchini pamoja na nakala ya kadi iliyothibitishwa. Anza mapema, kwani barua hizo huchelewa. Kwa gari la ndugu au rafiki, barua ya mwenye gari ithibitishwe na wakili.

Mimi natokea Mwanza. Je, nizungukie Kahama?
Hapana. Pita daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, kisha Sengerema, Geita, Biharamulo na Lusahunga. Lakini kanuni ya kulala karibu na mpaka ibaki vilevile.

Nikisimamishwa na polisi wa Rwanda, tutaelewana kwa Kiswahili?
Kiswahili ni lugha rasmi huko tangu mwaka 2017, na mashariki mwa nchi utapata wengi wanaokielewa. Weka nyaraka zote katika bahasha moja iliyo karibu na mkono wako, kwa sababu askari atakuja dirisha la kushoto akitarajia kumkuta dereva hapo, na abiria wako ndiye atakayempokea.