Kabla hujabeba msaada kuwapelekea waliopoteza nyumba, Goma

Nguo ziwe zimefuliwa, zisiwe na matundu. Viatu vifungwe jozi kwa jozi. Dawa zilizobaki kwenye droo yako ziache hukohuko. Uliza kuna familia ngapi, usiulize watu wangapi, maana sabuni na sufuria hugawiwa kwa familia. Pedi weka nyingi kuliko unavyodhani. Hakuna atakayekuomba mbele za watu.

Sasa chakula. Hapo ndipo nilipoungua.

Nyiragongo, volkano iliyo juu ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, ililipuka usiku wa tarehe 22 Mei 2021, lava ikashuka hadi Buhene, pembeni mwa mji, na kumeza nyumba. Waliobaki bila paa wakawa wanalala makanisani na kwenye madarasa. Sisi majirani tulichanga, tukanunua magunia matatu ya maharage, tukayapakia kwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na kuyafikisha shuleni kwa nyimbo. Siku ya tatu nikayakuta sokoni. Gunia nililijua kwa uzi mwekundu nilioushonea mdomo wake mwenyewe. Nilirudi shuleni damu ikichemka, nikaanza kufoka pale mlangoni.

Mama mmoja mzee akanishika mkono bila neno, akanipeleka nyuma ya darasa. Mafiga matatu, majivu yamepoa. Kisufuria cha kupikia uji wa mtoto. Kidumu cha lita ishirini, maji yamebaki kidole kimoja chini, kwa sababu lava ilikuwa imekata mabomba na kila tone lilinunuliwa.

“Mwanangu,” akasema, “maharage yanataka masaa matatu motoni. Makala umetuletea?”

Hatukuleta makala, yaani mkaa wa kupikia. Wameuza kwa hasara ili wapate unga na makala kidogo, na aliyefaidi mchango wetu ni mchuuzi. Nilitamani ardhi inimeze, ingawa kwa wiki ile si utani wa kutania.

Kwa hiyo nenda kwanza mikono mitupu. Keti, tazama wanapikia nini, ndipo ukanunue. Ukipeleka maharage, peleka na makala, mafuta, chumvi, na chungu kinachotosha.

Fedha zipokelewe na watu wawili, ziandikwe daftarini papo hapo. Ukitumiwa namba ya simu ya kuchangia, mpigie unayemfahamu aliyeko pale kabla hujatuma chochote. Picha za watoto acha. Usifike giza likiingia, watu wakasukumana. Na wingu likitanda mlimani, subiri kesho: unga ukilowa njiani umeupeleka wapi?