Kuskii na motohomu huko Alps: jinsi ya kulala joto na kuamka una maji

Jamani, kama uko Ujerumani au nchi za jirani na unatamani kupeleka familia kwenye theluji ila ukiangalia bei za hoteli za milimani mwezi wa pili unafunga laptop, kuna njia. Motohomu. Lile gari kubwa lenye vitanda, jiko, choo na hita humohumo ndani. Winta kampuni nyingi zinayakodisha bei nafuu kuliko kiangazi, na unaweza kulala karibu kabisa na lifti za mlimani, zile zinazobeba watu wa skii kwenda juu. Kuskii kwenyewe, yaani kuteleza kwenye theluji na mbao ndefu miguuni, utajifunza tu, walimu wapo kila kijiji. Kinachoharibu safari ni usiku, gesi inakata saa tisa usiku nje kuna baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, maji yameganda, watoto wanalia, kesho yake hakuna mwenye hamu ya kuvaa viatu vya skii. Ndo maana maelezo mengi hapa ni ya gesi, maji na hewa.

Mfano ntautoa bonde la Zillertal, Tirol, Austria, maana ndo pazuri kwa mtu anayeanza. Kutoka Munich ni kama saa mbili barabara ikiwa nyeupe, yaani haina foleni, unashuka bonde la mto Inn kwa barabara kuu ya A12 alafu unaingia barabara ya B169. Mji wa Mayrhofen uko chini, kama mita 630 tu toka usawa wa bahari, kwa hiyo gari halipandi mlima wa kutisha. Mwisho wa bonde kuna barafu ya Hintertux, lifti zinapanda mpaka mita 3,250 na watu wanaskii mwaka mzima, hata Julai. Maana yake Desemba ikija na ukavu huko chini, juu bado utapata theluji.

Unapokodi gari usiulize tu "lina hita?", maana yote yanayo. Uliza kama ni daraja la tatu la joto kwa kiwango cha Ulaya cha EN 1646-1. Gari la daraja hilo limepimwa likiwa kwenye baridi ya -15, likaweza kupanda mpaka nyuzi 20 ndani ya saa nne na maji yake yakafanya kazi. Daraja la pili linapimwa kuanzia sifuri, hilo ni la vuli sio la Tirol Januari. Uliza pia tanki la maji safi liko wapi, liwe ndani ya gari, sio limening'inia chini. Na uzito: leseni ya B, ile ya gari la kawaida, inaishia tani 3.5, na ukishapakia skii, viatu, mablanketi, mitungi na watu watano unafika hapo haraka sana, nenda kapime kwenye mizani kabla ya safari. Zaidi ya tani 3.5 hata ushuru wa barabara Austria unabadilika, stika ya kawaida ya kioo haitoshi, inabidi uwe na GO-Box, kifaa cha kulipia barabara kinachokaa kwenye kioo.

Tairi za winta Austria ni lazima kuanzia tarehe 1 Novemba mpaka 15 Aprili barabara ikiwa na theluji, matope ya theluji au barafu, na kashata ziwe angalau milimita 4. Ila beba na cheni. Motohomu nyingi zimejengwa juu ya Fiat Ducato ambayo inavutwa na tairi za mbele, na uzito wote wa vitanda na mizigo uko nyuma, kwa hiyo mbele panakuwa pepesi na panateleza kwenye mlima mdogo tu. Cheni unafunga mbele basi, kwenye tairi zinazovuta. Fanya mazoezi ya kuzifunga ukiwa nyumbani mchana kweupe, mara mbili tatu mpaka mikono izoee, kwa sababu siku utakayozihitaji kutakuwa giza, vidole vimekufa ganzi na nyuma yako kuna basi linapiga honi. Ukiona alama ya bluu ya duara yenye tairi lililofungwa cheni, hiyo ni amri. Ukishafunga usizidi kilomita 50 kwa saa. Dizeli nayo, fika milimani tanki likiwa linakaribia kuisha ndo ujaze huko, kwa sababu dizeli ya milimani imetengenezwa kwa baridi kali, ile ya nchi za joto inaweza kuganda nta kwenye filta.

Sasa gesi. Kuna propani na kuna butani, na tofauti yake kwenye baridi ni kubwa mno. Butani ikifika karibu na sifuri inagoma kugeuka mvuke, mtungi umejaa lakini hita inazima. Propani inaendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Sisi tumezoea gesi ya kupikia ya nyumbani ambayo ni mchanganyiko wa hizo mbili na kule kwenye joto haina neno, ila huku winta nunua propani tupu. Alafu piga hesabu ya kweli: hita ya Truma Combi 6 ikikaza mpaka mwisho inakula kama gramu 480 kwa saa, maana yake mtungi wa kilo 11 unaweza kuisha ndani ya siku moja. Kwa kawaida haikazi muda wote, kwa hiyo mtungi unaenda siku mbili mpaka nne kutegemea baridi na mara ngapi watoto wanafungua mlango. Uwe na mitungi miwili na regyuleta inayohama yenyewe, mmoja ukiisha usiku wa pili unachukua na we unaendelea kulala. Asubuhi ndo unaenda kubadilisha uliokwisha. Usizime hita mkienda kuskii eti unabana matumizi, ishushe tu mpaka kama nyuzi 15, maana kulipasha moto upya gari lililopoa kunakula gesi nyingi na mabomba yanaweza kuganda mkiwa juu.

Hili ntalisema kwa nguvu. Usiingize jiko la mkaa ndani ya gari. Wala usiache moto wa jiko la kupikia uwake ili upate joto. Kila mwaka kwetu tunazika watu waliofunga madirisha na kulala na jiko la mkaa, na motohomu ni chumba kidogo kuliko chumba chochote cha kupanga. Nunua kengele ya kaboni monoksaidi, sio ghali, ifunge karibu na mnapolala. Zile tundu za hewa za juu na za sakafuni usizizibe hata kama unahisi baridi inapitia hapo. Theluji ikianguka usiku, kitu cha kwanza asubuhi ni kutoka na fagio kufuta bomba la moshi wa hita, liwe juu ya paa au ubavuni.

Maji yana utaratibu wake. Hita nyingi za Truma zina kivalvu kinaitwa FrostControl, joto likishuka karibu nyuzi 3 kinajifungua na kumwaga maji yote ya boila chini ili lisipasuke. Watu wanadhani gari limeharibika kumbe limejiokoa. Pasha gari moto kwanza, ndo ukifunge na kujaza tena. Usiache mpira wa maji umeunganishwa na bomba la kempingi, jaza alafu uukunje uingize ndani. Maji machafu yale ya sinki acha koki wazi na ndoo chini yake, ndoo ikiganda unaigonga barafu inatoka, wakati tanki lililoganda unakaa nalo mpaka mwezi wa nne.

Vioo vya mbele ndo vinapoteza joto kuliko sehemu nyingine yoyote, funika kwa nje na lile zulia nene la kukinga baridi, la ndani peke yake linaacha maji yatiririke kwenye dashibodi. Handbreki usiivute usiku, inaweza kuganda ikakataa kuachia, weka gia na vizuizi vya mbao kwenye tairi. Betri za lithiamu zisichajiwe zikiwa chini ya sifuri.

Kulala popote barabarani Tirol hairuhusiwi, sheria yao inataka ukae kempingi. Na kwa kweli winta utaipenda kempingi: bafu la moto, chumba cha kukaushia viatu, umeme. Zillertal kuna kama Aufenfeld pale Aschau, na kuna basi za skii zinazopita vijijini, kwa hiyo gari mnaliacha limetulia wiki nzima. Umeme mara nyingi unalipia kwa mita, usiwashe hita ya umeme bila kuuliza bei. Wiki za likizo za shule mwezi wa pili zinajaa mapema sana.

Kuskii: chukua mwalimu angalau siku tatu za mwanzo, anza njia za bluu, ndo zile rahisi. Viatu vikodishwe dukani, vibane kisigino kisinyanyuke, na soksi moja tu, mbili zinaleta baridi. Dada zangu, suka nywele za chini zilale, rasta nene haziingii kwenye helmeti na helmeti isiyokaa vizuri haikulindi. Ngozi yetu pia inaungua huko juu, theluji inarudisha jua usoni, paka sanskrini na mafuta ya mgando midomoni. Chukua bima inayolipa helikopta, bila hiyo bili ni maelfu ya yuro. Namba ya uokoaji wa milimani Austria ni 140, ya Ulaya nzima 112. Usitoke nje ya njia zilizofunguliwa, maporomoko ya theluji hayana mwanzo wa kujifunza. Watoto wakisema huu sio mchezo wetu, waonyeshe mbio za Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, akashindania Kenya Olimpiki ya 2018.

Chakula, pika maharage, nyama na pilau nyumbani, gandisha kwenye vikopo, kabati la nje ndo friza lako. Kuchemsha maharage makavu ndani ya gari ni kumaliza gesi na kujaza mvuke unaolowesha magodoro. Ugali sawa, ila fungua tundu la juu ukisonga.

Siku ya kurudi ikiwezekana isiwe Jumamosi, ndo siku wageni wa hoteli wanapobadilishana na foleni inaanzia tunnel ya Brettfall pale mdomoni mwa bonde. Kabla ya kuwasha gari panda ngazi ufute theluji na barafu yote juu ya paa, kipande kikiruka barabara kuu kinavunja kioo cha mwenzio na faini ni yako. Mwaga maji yote, acha koki wazi, na mitungi uifunge.