Color au colour? Kabla hujamwambia mtu kakosea, fanya hivi

Jamani hii ishu ya kukosoana spelingi za Kiingereza imezidi, mtu kaandika "color" anarukiwa eti hajui kuandika, kumbe ndo ya Marekani na haina shida yoyote. Aliyezisambaza sana spelingi hizo ni Mmarekani Noah Webster na kamusi zake za 1806 na 1828, alikuwa anakata herufi alizoona hazina kazi, nyingine watu wakapokea nyingine wakagoma, alitaka hata "tongue" iandikwe "tung" wakamwachia mwenyewe.

Sasa ukikutana na neno linakutia wasiwasi, kwanza litafute kwenye kamusi mbili, moja ya Uingereza moja ya Marekani. Likiwepo hata kwenye moja tu basi sio kosa. Likikosekana kote, mfano "recieve" au "definately", hapo hakuna nchi ya kukimbilia, mtu kakosea.

Wengi wanakwama kwenye -ise na -ize. Watu wanaapa kabisa kwamba z ni ya Wamarekani, wakati kamusi za Oxford zenyewe zinatanguliza "organize" na "realize", na Umoja wa Mataifa wanaandika hivyohivyo huku "colour" ikibaki na u yake. Kwa hiyo ukiona "organize" na "colour" kwenye sentensi moja usicheke, huyo hajachanganya kitu. Ila pia usijimwagie z kila mahali, "advertise", "surprise" na "exercise" ni s kwa kawaida kotekote, na "analyse" ya Uingereza hata hao Oxford hawaiwekei z (mimi mwenyewe hapa bado huwa nachungulia kamusi).

Ukishajua unamwandikia nani, chagua upande halafu baki hapohapo, na setingi ya lugha kwenye programu unayoandikia ibadilishe iendane, maana ule mstari mwekundu unafuata setingi tu, ukiiacha kwenye Kiingereza cha Marekani itaipigia mstari "centre" ambayo ni halali kabisa. Wakanada nao wana yao, "colour" na "centre" kama Uingereza lakini tairi la gari ni "tire" kama Marekani, sio "tyre".

Halafu majina usiyaguse. Kuna chama cha siasa Australia kinaitwa Labor, bila u, ingawa Waaustralia wenyewe kwenye maandishi ya kawaida wanaandika "labour", sasa hicho ukikiongezea u ndo umekosea kweli.